Karatasi nne kwenye bahasha ya kaki: kisa cha Dogo wa Isongole na uboho ulioacha kutengeneza damu

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu bila kukiandika maana mgonjwa ni mtoto wa watu ninaowafahamu, ila mama yake mwenyewe juzi kaniambia andika tu baba, usitaje jina. Kwahiyo jina sitaji, hospitali walizopita pia sitaji hata moja, tutamuita Dogo. Ni mtu wa Isongole, hii ya Rungwe njia ya Tukuyu, miaka 22, kwao ni wa tatu kati ya watano. Analima viazi, anapiga dawa mashamba ya watu kwa bomba la mgongoni, jioni anaendesha boda. Mimi ni mtu wa maabara hapa Mbeya, sio daktari, japo kule kijijini ukishavaa koti jeupe tu ushakuwa dokta.

Mwezi wa 6 mwaka jana, Jumamosi, baridi ile ya Uporoto ya kuunguza viazi, mama anakuja kwangu Uyole na bahasha ya kaki imechakaa pembeni. Dogo kabaki nje kakaa kwenye ngazi, ngazi zenyewe nne tu, kashindwa kuzimaliza. Kijana aliyekuwa anabeba gunia la viazi begani anapanda nalo mlima. Kapauka mpaka viganja vimekuwa kama vimepakwa unga. Mama hata salamu hakuimaliza, ananiambia mwanangu damu ya huyu mtoto inaenda wapi, tumeongeza chupa saba na bado inaisha.

Kwenye bahasha kulikuwa na karatasi nne za FBP, ile picha ya damu inayotoka kwenye mashine. Mwezi wa 3 HB, yaani kiwango cha damu, 5.8, wakaongeza chupa mbili ikawa 8.1. Mwisho wa mwezi wa 4 imerudi 5.4, wakaongeza tatu. Mwezi wa 6 ikawa 5.1, zikaingia mbili nyingine. Na kila karatasi kuna mtu kazungushia HB kwa peni nyekundu, kaduara kazuri kabisa, afu ndo imeishia hapo.

Mimi jicho langu kwa mazoea linashuka chini. Karatasi ya mwezi wa 6: seli nyeupe 1.7, neutrofili 0.3, platileti 9. Nikarudi ile ya kwanza kabisa ya mwezi wa 3: seli nyeupe 2.1, neutrofili 0.5, platileti 19. Aisee. Kwa asiyejua, platileti ni zile chembe za kuziba damu isivuje, za mtu mzima zinatakiwa 150 mpaka 400, hizo ni maelfu kwenye tone dogo sana la damu, seli nyeupe kuanzia 4 hivi, neutrofili, zile seli nyeupe za kupigana na bakteria, walau 1.5. Yaani huyu kijana alikuwa hana upungufu wa damu peke yake, alikuwa amepungukiwa vitu vyote vitatu, tangu siku ya kwanza, na ilikuwa imeandikwa, kwa wino, miezi mitatu, inazungushwa ndani ya bahasha kwenye kosta.

Sasa kabla hamjaanza kuwatukana waliompokea, mtu akikufikia na HB 5.8 anahema, lazima umuongezee damu, usipomuongezea atakufia mkononi. Hilo lilikuwa sahihi. Kosa ni lile swali la mama, damu inaenda wapi, hakuna aliyelijibu, na jibu lenyewe ni kwamba ilikuwa haiendi popote. Haikuwa inavuja. Ilikuwa haitengenezwi.

Hapo inabidi niingie kidogo kwenye uboho, mnivumilie.

Mnaokunywa supu ya makongoro pale Mwanjelwa mnajua ule mfupa mrefu ukiugonga kwenye sahani yanatoka mafuta ya njano laini, matamu. Ule ni uboho, ila ni uboho uliostaafu, mafuta matupu. Ukitaka kuona wa kazini nenda buchani uangalie mbavu au pingili za mgongo zikipasuliwa, ndani ni nyekundu, kama sponji iliyolowa damu. Binadamu hivyo hivyo. Mtoto mchanga karibu mifupa yote ni myekundu ndani, ukikua kiwanda kinarudi nyuma kinabaki kwenye nyonga, pingili za mgongo, mbavu na mfupa wa kifua. Humo ndani ndo zinakaa seli shina za damu, wengine wanaziita seli mama, na ni chache kuliko unavyofikiri, kuna utafiti wa 2018 ulikadiria kwa mtu mzima zinazofanya kazi ni kama 50,000 mpaka 200,000 tu. Hizo chache ndo ukoo mzima wa damu unatokea hapo: nyekundu za kubeba hewa, nyeupe za kupigana, platileti za kuziba. Seli nyekundu peke yake mwili unatengeneza kama milioni 2 kila sekunde. Seli shina ikigawanyika, mtoto mmoja anaenda kuwa damu, mwingine anabaki kuwa shina, kama mgomba unavyoacha chipukizi ukikata mkungu. Waliolionyesha hili kwa mara ya kwanza ni Wakanada wawili wa Toronto, Till na McCulloch, 1961, walichukua panya waliouliwa uboho kwa mionzi, wakawachoma uboho wa panya wazima, baada ya siku kama kumi wakakuta vinundu kwenye bandama, na baadaye ikathibitika kila kinundu kimetoka kwenye seli moja. Moja tu, na ndani yake unakuta aina tofauti za damu.

Sasa zima hicho kiwanda leo, nini kinaisha kwanza? Hii ndo sehemu ninayoipenda kwenye kisa cha Dogo maana ukiifuata inakuambia hata mwezi alioanza kuumwa. Neutrofili zinaishi kwenye damu muda mfupi sana, ni masaa tu, platileti siku 7 mpaka 10, seli nyekundu siku 120. Kwahiyo kiwanda kikifungwa, askari na mafundi wa kuziba wanaisha ndani ya wiki mbili hivi, ila nyekundu zinapungua taratibu, kama asilimia moja kwa siku, mtu anaendelea kutembea na damu ya zamani. Nikamuuliza mama, mama, kabla hajaanza kuchoka kuna kitu kingine kilitokea? Akasema hapana. Nikamuuliza Dogo mwenyewe, wewe ukipiga mswaki vipi? Akacheka kidogo, akasema fizi zinatoa damu tangu Krismasi, alijua ni mswaki mgumu akabadilisha akanunua mwingine. Krismasi! Kuchoka kulianza mwezi wa 2. Piga hesabu mwenyewe, kijana wa milimani mwenye HB ya 15 au 16, anapoteza asilimia moja kila siku, mpaka mwanzo wa mwezi wa 3 ndo unakuta hizo 5.8. Inaingia kabisa.

Na hilo la milimani lisichukuliwe poa. Isongole ni juu sana, hewa ni nyepesi, figo za mtu wa kule zinatuma homoni inaitwa erithropoietini kuuambia uboho ongeza nyekundu, ndo maana HB za watu wetu huku ziko juu kidogo kuliko za watu wa Dar. Kwahiyo 5.4 ya Isongole ni mbaya kuliko 5.4 ya Temeke. Figo za Dogo zilikuwa zinapiga simu usiku na mchana, kiwandani hakuna wa kupokea.

Mtaani alipitishwa kila kitu. Duka la dawa walimpa mseto wa malaria, kipimo cha malaria kikiwa hasi, na kule juu malaria yenyewe ni ya kubahatisha. Vidonge vya madini ya chuma. Juisi ya rozela, biturutu, maziwa, maini. Mgongo ulikuwa unamuuma akawa anameza diklofenaki kila siku, ambayo inazilemaza hata hizo platileti chache alizobaki nazo. Sehemu moja wakamdunga sindano ya takoni, pakavimba pakawa peusi, wakasema jipu, wakataka kupasua! Namshukuru Mungu fundi hakuwepo siku hiyo. Lile halikuwa jipu, ilikuwa damu imevujia ndani ya msuli kwasababu hakuna cha kuziba tundu la sindano. Miguuni alikuwa na vidoti vyekundu vidogo kama vya kuumwa na siafu, ukivibonyeza havipotei, mama alikuwa anavipaka mafuta ya nazi.

Na vile vidonge vya chuma, mbaya zaidi. Kila chupa ya damu inaingiza kama miligramu 200 mpaka 250 za chuma, mwili hauna njia ya kuitoa, chakula chenyewe kinaingiza miligramu moja au mbili kwa siku. Chupa saba, una gramu moja na nusu ya ziada imekaa kwenye ini, juu yake unameza vidonge. Chuma haikuwa shida yake. Ni sawa na kiwanda cha matofali mafundi wote wamekufa, wewe unazidi kumwaga udongo getini.

Tukampeleka hospitali kubwa Jumatatu yake. Daktari tuliyemkuta, dada mmoja mpole sana, alisoma karatasi zote nne mpaka chini, akaniangalia, akasema tuhesabu retikulosaiti. Hizi ni nyekundu changa, zimetoka kiwandani siku moja mbili zilizopita, ukizihesabu unajua kiwanda kinafanya kazi au la. Mtu mwenye HB 5 kiwanda kikiwa kizima zinatakiwa zipande juu sana. Za Dogo zilikuwa asilimia 0.4. Nilihesabu mara mbili kwa mkono maana mashine siiamini kwenye namba ndogo.

Hapo unakuwa na orodha ya washukiwa. Damu zote tatu kushuka kuna mambo mengi yanaleta: VVU na baadhi ya dawa zake, TB iliyoingia kwenye uboho, bandama kubwa inayomeza damu, leukemia yaani saratani ya damu, upungufu wa vitamini B12 au foliki asidi, na uboho kufa wenyewe. VVU hasi, homa ya ini B na C hasi. Bandama haipapasiki. Kwenye slaidi sikuona seli changa za leukemia, ila hilo halitoshi, leukemia nyingine zinajificha uboho. B12 ndo iliyotusumbua maana ikipungua seli nyekundu zinakuwa kubwa, na za Dogo zilikuwa kubwa kiasi, MCV (kipimo cha ukubwa wake) 98, na B12 ikipungua sana inaweza kukupa karatasi ileile kabisa na dawa yake ni rahisi ajabu, ungekuwa mjinga kuikosa. Kipimo chake hatukukipata kwa wakati. Daktari akafanya ujanja ambao mimi niliupenda, akasema tumpe B12 na foliki, sindano chini ya ngozi sio kwenye msuli, afu tuhesabu retikulosaiti siku ya saba. Kama shida ni B12 zitaruka, uboho wenye njaa ukilishwa unaamka ndani ya wiki. Siku ya saba: 0.3. Basi. Ikabaki kuingia kwenye mfupa.

Hapa familia ikagoma. Baba mdogo akasimama pale korido, watamnyonya uti wa mgongo, mtoto atapooza, kuna mtu wa Kiwira alifanyiwa hivyo hakutembea tena. Nimeshasikia hii mara nyingi. Uboho hautolewi kwenye uti wa mgongo, unatolewa nyonga kwa nyuma, pale juu ya tako kwenye ule mfupa unaoushika ukiweka mikono kiunoni, wanachoma ganzi, sindano inaingia kwenye mfupa, wananyonya kidogo na kukata kipande chembamba kama njiti. Inauma wakati wa kunyonya, hilo sidanganyi, Dogo alipiga kelele. Ila nyonga haina uti. Nilimshika baba mdogo mkono nikamuwekea hapo hapo kiunoni kwake, nikamwambia baba, ni hapa. Akajibonyeza bonyeza, akanyamaza, akasema sawa.

Majibu yalichukua wiki tatu. Kuna kanuni ya haraka haraka, toa umri kwenye 100 unapata asilimia ya uboho inayotakiwa iwe seli, kwahiyo kijana wa 22 unategemea karibu 80. Yeye ilikuwa chini ya 10, iliyobaki mafuta. Hakuna leukemia, hakuna TB, hakuna makovu. Nyonga ya kijana wa miaka 22 imekuwa supu ya makongoro. Ugonjwa unaitwa anemia ya aplastiki, Mjerumani Paul Ehrlich aliueleza tangu 1888 kwa mama mmoja mjamzito, na kwa namba za Dogo, neutrofili chini ya 0.5 na platileti chini ya 20, unahesabiwa mkali.

Katikati ya hizo wiki tatu nusura tumpoteze. Usiku wa saa nane simu ya mama, mtoto anatetemeka, joto 39. Walishataka kumpa majani ya kujifukiza walale mpaka asubuhi. Mtu mwenye neutrofili 0.3 akipata homa hakuna cha asubuhi, hana askari, bakteria wanaingia kama ng'ombe kwenye shamba lisilo na mwenyewe, hata usaha hatoi maana usaha wenyewe ni neutrofili zilizokufa. Kidonda chake kinakuwa kikavu kinadanganya. Walikodi Noah ya jirani iliyokuwa imepakia viazi, wakashusha magunia barabarani usiku ule, wakafika Mbeya saa tisa na nusu. Antibayotiki za mshipa ziliingia ndani ya saa moja, maana nilikuwa nimeshapiga simu wodini. Siku nne hakuwa na habari. Ya tano akaomba ndizi.

Kwanini uboho ulikufa? Kila mtu alikuwa na jibu lake. Kijiji kilisema kalogwa sababu ya kiwanja. Baba mdogo alisema dawa za viazi. Mimi nilimuuliza kuhusu kloramfenikoli, antibayotiki ya zamani iliyokuwa inatumika sana kwa taifodi na inajulikana kuua uboho wa watu wachache, akasema hajawahi. Kuna benzini, kemikali iliyomo kwenye petroli, hiyo haina ubishi kwamba inaharibu uboho, na Dogo alikuwa ananyonya petroli kwa mpira mdomoni kuhamishia kwenye chupa, kila siku, miaka mitatu. Nilitamani sana kusema ni hiyo. Ila siwezi kuithibitisha na daktari pia alikataa kuiandika, maana wagonjwa wengi wa huu ugonjwa hawaonekani na sababu yoyote. Kinachojulikana vizuri zaidi ni utaratibu wa mauaji: kinga ya mwili wenyewe, seli T, zinageuka na kuzishambulia seli shina. Ushahidi mmoja mkubwa ulipatikana kwa bahati. Daktari Mfaransa Georges Mathé, huyu ndo alishawapa uboho wale wanasayansi wa Yugoslavia waliopigwa na mionzi 1958, aliwapa wagonjwa wa aplastiki dawa ya kuua kinga ili uboho wa mtu mwingine usikataliwe, baadhi yao uboho wa kupandikiza haukushika, lakini uboho wao wenyewe ukarudi. Kumbe mbegu zilikuwa bado zipo chache, zimekaliwa kooni.

Ndo maana tiba ni mbili. Ama ulete seli shina mpya kutoka kwa mtu mwingine, ama uwashike hao wanaokaba. Kwa kijana, kama ana ndugu anayefanana naye, kupandikiza ndo chaguo la kwanza. Na kufanana huku sio kwa grupu la damu, hapa watu wanachanganya sana. Dada yake mkubwa alikuja amejiandaa kabisa, mimi ni O kama yeye, nitoeni mimi. Kinachoangaliwa ni HLA, ni alama nyingine kabisa zinazorithiwa kwa njia yake, kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi robo. Ndugu wanne, uwezekano wa kupata walau mmoja ni kama asilimia 68. Wakapimwa. Dada hakufanana hata nusu. Aliyefanana yote ni mdogo wake wa mwisho, na grupu lake ni B. Haina shida kubwa, watu wanapandikizwa hivyo, afu baadaye mgonjwa mwenyewe anageuka grupu B.

Familia ikashangilia. Mimi nikaenda nje kidogo.

Maana nilikumbuka chupa za mwezi wa 4. Nikamuuliza mama, zile walizowaambia mtoe wenyewe, nani alitoa? Kwa bahati mdogo mtu na B yake asingeweza kumpa O moja kwa moja, nikasema afadhali, na mama akaendelea, huyo mdogo alitaka kutoa wakamkataa, wakachukua ya dada na ya baba mdogo, ilikuwa hakuna damu benki, ikapimwa ikaingia hapo hapo. Nilihema. Hii watu hawaambiwi: mgonjwa wa uboho ambaye ndugu yake anaweza kuja kumpa seli shina, damu ya ndugu wa tumbo moja iepukwe kabisa, kwasababu kinga inamuonja huyo ndugu mapema, inamkariri, afu siku ya kupandikiza inamkataa. Damu ya mtu baki ni salama zaidi kwake kuliko ya kaka yake. Na sisi huku upendo tunauonyesha kwa kutoa damu, ndugu akilazwa wote tunapanga foleni mkono umekunjwa. Dogo aliokolewa na grupu la damu tu, wala hakuna aliyepanga. Na hata chupa za watu baki zikizidi kuwa nyingi nafasi ya uboho wa kupandikiza kushika inapungua, kwahiyo zile zilizoingia mwezi wa 3 mpaka wa 6 bila mtu kuuliza kitu zilikuwa na gharama yake.

Watu waliniuliza, si wanapandikiza hapa hapa nchini saivi? Ni kweli Muhimbili walianza 2021, kwa wagonjwa wa saratani ya uboho ambao wanavunwa seli shina zao wenyewe wanarudishiwa, na Benjamin Mkapa pale Dodoma wakaanza 2023 kwa watoto wa selimundu wanaopewa uboho wa ndugu. Selimundu ni hadithi nyingine, kule kiwanda kinapiga kazi kuliko kawaida ila kinafuata ramani mbovu, kila tofali linatoka limepinda, ndo maana kuleta seli shina za ndugu kunatibu. Kwa Dogo njia waliyoonyeshwa ilikuwa India, na hesabu waliyotajiwa ungeuza shamba lote la viazi na boda na ng'ombe bado uko njiani. Wakasema tumeelewa daktari, ndaga fijo, asante sana, kuna nyingine?

Nyingine ni kuishika kinga. Tiba kamili inaanza na dawa inayotokana na farasi, farasi anachomwa seli T za binadamu, anatengeneza kinga dhidi yake, wanaivuna. Hatukuipata. Akaanza saiklosporini peke yake, mwezi wa 8, kidonge asubuhi na jioni. Ikiwa peke yake ni dhaifu kuliko zikiwa mbili, daktari aliwaambia wazi bila kuzunguka, na kwamba hata ikikubali hataona kitu mpaka miezi mitatu, minne, sita. Hii miezi ya kusubiri ndo ngumu kuliko zote. Mwezi wa 9 platileti 7. Mwezi wa 10 platileti 11. Mwezi wa 11 damu tena, chupa mbili, za benki. Mama alishaanza kusema bora tuache, hela ya dawa ni mbegu ya msimu mzima. Mkono ukawa unatetemeka, fizi zimevimba, nywele zikamuota mpaka kwenye paji la uso, watoto wa jirani wakaanza kumuita dubu. Yote ni ile dawa. Balungi alikatazwa, linapandisha dawa kwenye damu, na nyumbani kwao lipo mlangoni, akawa analiangalia tu.

Krismasi nyingine ikafika. Alipiga mswaki, akanipigia simu asubuhi na mapema, nikajua kuna jambo baya. Kaka, haijatoka damu.

Mwezi wa 1 platileti 28, wakamuongezea damu kwa mara ya mwisho. Mwezi wa 2 platileti 45, neutrofili 0.9. Retikulosaiti nilizihesabu mwenyewe, asilimia 1.8, nikamuita mwenzangu wa zamu aje aangalie kwenye darubini ili niwe na shahidi. Mwezi huu wa 4 platileti ziko 71, neutrofili 1.4, HB 10.6, wiki kumi na moja bila kuongezewa. Hajapona, uboho wa namna hii unaweza kuanguka tena, dawa itapunguzwa taratibu sana na haiachwi hata kama anajisikia kubeba gunia, na wamwangalie figo na presha kila mwezi.

Walikuja wiki iliyopita, mama na mkungu wa ndizi na maziwa ya mgando kwenye dumu. Bahasha ni ileile ya kaki, imefungwa na gundi ya karatasi. Alitoa majibu kabla sijaomba, akapitisha kidole mpaka mstari wa platileti, akauliza hii sabini na moja inatosha kuendesha boda? Dogo akadakia inatosha. Nikasema akianguka kichwa na sabini na moja sitaki hata kufikiria, subirini ipite mia. Wameondoka bado wanabishana, na mpira wa kunyonyea petroli mama anasema ameshauchoma.